Unga wa Ma Bernadetta

Watu wa Pasiansi, jijini Mwanza, walimsifu Teodora kwa kunenepa. Mwanamke aliyekuwa mwembamba, mabega juu muda wote kwa kuhangaika na pumzi, sasa alikuwa na mashavu ya mviringo na shingo iliyojaa, na kanisani wanawake wenzake walimshika mkono wakimwambia kwamba ndoa imemkubali. Binadamu bwana! Mtu akikonda tunamuuliza anaumwa nini. Akinenepa hatumuulizi kitu, tunampongeza mumewe. Na Muganyizi, mumewe, mhasibu kwenye kiwanda cha samaki, alizipokea pongezi hizo kwa adabu kana kwamba kweli ilikuwa kazi yake.

Kokulinda naye alikuwa miongoni mwa waliosifu. Nyumba yake na ya Teodora zilitenganishwa na ua wa michongoma, jumuiya yao ya sala ilikuwa moja, na wote wawili walizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kagera, kwa hiyo waliitana dada bila kufikiri. Lakini Kokulinda ndiye aliyepaswa kuona zaidi ya wengine. Alikuwa mtu wa maabara, kwenye utafiti wa pumu uliosimamiwa na Dokta Zahabia, na mashavu kama yale aliyasoma vitabuni akiwa chuoni, tena akayajibia mtihani akafaulu. Kwenye picha aliyajua kuwa ni dalili. Kwa jirani yake aliona afya.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Pumu haiwashiki watu wote kwa namna moja. Wapo wanaobanwa na vumbi, wapo wanaobanwa na moshi wa kukaangia samaki, na wapo wanaobanwa bila sababu ya kuonekana. Dokta Zahabia alitaka kujua, ndani ya njia ya hewa ya kila mmoja, ni jeni zipi za kinga ya mwili zinazofanya kazi na zipi zimenyamaza. Kokulinda alikuwa akiwaeleza washiriki kwa maneno yake mwenyewe: kila seli ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo, kila jeni ukurasa wake, lakini haikisomi chote, hunakili ukurasa inaouhitaji siku hiyo. Sisi tunakusanya nakala tunazihesabu. Ukurasa ulionakiliwa sana ndio unaotuambia mwili unahangaika na nini.

Teodora alijitolea bila kubembelezwa. Pumu alizaliwa nayo, na binti yake wa pekee, Queen, aliyekuwa akilelewa na bibi yake mzaa mama huko Muleba na kusoma hukohuko, naye kifua kilikuwa kinalia. Alisema kama kukwanguliwa pua kutamsaidia Queen siku moja, basi wakwangue mpaka wachoke. Kokulinda alimuuliza maswali yaliyotakiwa. Anatumia dawa yoyote ya steroidi ya kutuliza kifua, ya kuvuta au ya kumeza? Hapana. Dawa nyingine yoyote? Hapana.

Wala hakusema uongo. Kila asubuhi na kila jioni alikoroga kwenye uji unga aliotumiwa na mama yake mzazi, Ma Bernadetta, lakini kwake ule haukuwa dawa. Dawa ni kitu cha hospitali, chenye jina gumu na maelekezo ya daktari. Kinachotoka mkononi mwa mama ni chakula.

Basi Kokulinda akamwingiza kijibrashi chembamba puani, ndani kabisa, akakizungusha. Teodora alitoka machozi, kisha wote wawili wakacheka. Sampuli ikatiwa kwenye kichupa chenye namba, kichupa kikaingia kwenye friji lenye baridi ambayo samaki wa Mwanza hawajawahi kuiona.

Na huko kikakaa. Mashine ya kuhesabia nakala haiwashwi kwa ajili ya mtu mmoja. Sahani yake ina vishimo vingi, vimiminika vyake vinaagizwa ng'ambo, na kuiwasha nusu tupu ni kumwaga kazi ya watu. Kwa hiyo sampuli husubiriana mpaka sahani ijae. Mshiriki akiuliza majibu yake, Kokulinda alimjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, naye akacheka akaenda zake. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Ndivyo kazi hiyo inavyofanyika duniani kote.

Kosa lilifanyika jikoni. Jumuiya ilikuwa imesali nyumbani kwa Teodora, watu wametawanyika, na Kokulinda alibaki kusaidia kuosha vikombe. Akamwona mwenzake anafungua kopo la maziwa, anachota unga wa kahawia, anakoroga.

"Dada, na shule yako yote bado unakunywa majivu?"

Teodora alicheka, akasema si majivu, ni unga wa mama. Alieleza kwamba Ma Bernadetta aliununua kwa mganga mmoja mwenye pikipiki anayezunguka magulioni, na kwamba tangu aanze kuutumia alikuwa analala chali usiku kucha, kitu ambacho hakukijua tangu utoto. Mtu wa maabara akisikia hivyo anatakiwa aulize: ndani yake kuna nini? Kokulinda hakuuliza. Alikuwa amehudhuria semina nyingi mno za maini yaliyoharibiwa na mitishamba, na kichwa kilichokwisha kujaa majibu hakina nafasi ya swali.

"Acha leo leo," alisema. "Hayo majani yataua maini yako, na sisi yatatuharibia vipimo. Ukibanwa, njoo kliniki upewe dawa ya kueleweka."

"Wewe ndiye unayejua," Teodora akasema. Akalibeba kopo mpaka chooni, akaumwaga unga wote, akarudi akalisuuza kopo mbele ya rafiki yake. Kokulinda alimpenda sana siku ile kwa utii wake.

Haukupita muda Teodora akaanza kuchoka. Si uchovu wa kazi. Alikuwa anaamka amechoka. Chakula kikamkinai, akatapika, na wanawake wa jumuiya wakaanza kumtania kwamba Queen anapata mdogo wake. Alipimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Kisha kifua kikarudi na hasira zake zote. Jumamosi moja asubuhi alianguka kwenye beseni la nguo. Hospitali walimwekea oksijeni na dripu, lakini presha ilikuwa imeshuka ikakataa kupanda, na kabla ya adhuhuri Teodora alikuwa amekufa.

Daktari alikuwa amemuuliza Muganyizi kama mkewe alikuwa anatumia kitu chochote. Muganyizi akakumbuka kopo. Msibani alimvuta Kokulinda pembeni, macho mekundu, sauti imekauka.

"Koku, wewe ni mtu wa maabara. Ule unga wa mama mkwe unaweza kumuua mtu?"

"Unaweza," Kokulinda alisema.

Alisema alichoamini, na hilo ndilo baya lake. Moyoni alijilaumu jambo moja tu, kwamba alichelewa kumkataza.

Marehemu alivushwa ziwa akazikwa kwenye kibanja cha ukoo wa Muganyizi, kati ya migomba. Ma Bernadetta alikaa kwenye mkeka peke yake. Wanawake waliofika walimpita wakaenda kukaa mbali, na ndizi alizopika kwa mkono wake zilirudi jikoni hazijaguswa. Kwa desturi yao mkwe wa kiume hamkabili mama mkwe wala hamtupii maneno, kwa hiyo Muganyizi alituma maneno kupitia kwa baba zake wadogo: ikijulikana kwamba na Queen alinyweshwa ule uchafu, ukoo hautalinyamazia. Kabla ya kuzika, Ma Bernadetta alisimama mbele ya jeneza akaapa kwamba mtoto hajampa kitu. Walimchukua mjukuu wake, wakafunga nguo zake kwenye mfuko wa rambo, na Queen akaletwa Mwanza kuishi na baba yake. Sikio la kufa halisikii dawa, walikuwa wakisema waombolezaji njiani, wakimaanisha Teodora aliyeacha hospitali akafuata waganga. Methali ni tamu ikiwa marehemu si wako.

Queen alikuwa mtoto mnene, mpole, mwenye mashavu ya mama yake. Majirani walilia walipomwona. Kisha mtoto akaanza kunyamaza. Akawa hataki kula, hataki kucheza, analala mchana kwenye kochi, na akila anatapika. Watu walimwambia Muganyizi amvumilie, anamlilia mama yake. Nani angesema vinginevyo? Mtoto aliyefiwa anategemewa kuwa hivyo, na Kokulinda mwenyewe, akipita jioni na maziwa ya mtindi, alimpapasa kichwa akasema vilevile.

Ndipo sahani ikajaa.

Kokulinda aliipakia asubuhi, na mchana matokeo yakaanza kutoka. Sampuli nyingi zilisema kilichotarajiwa: jeni za kinga zimeamka, zinanakiliwa kwa fujo. Moja ilikuwa tofauti. Hapo jeni za pumu zilikuwa zimekandamizwa, kimya kabisa, wakati jeni ambayo hupanda kiasi kile pale tu mwili unapojaa dawa za steroidi ilikuwa juu kuliko alivyowahi kuiona. Dokta Zahabia aliinama kwenye skrini, miwani mkononi.

"Huyu alikuwa anameza steroidi, tena nyingi, na alituficha," alisema. "Mtoe kwenye hesabu."

Sampuli hazina majina. Lakini namba ile Kokulinda aliibandika kwa mkono wake kwenye kichupa cha jirani yake, na alikuwa anaikumbuka.

Alikaa chini. Sasa alijua ndani ya unga kulikuwa na nini. Yule mganga wa pikipiki alikuwa anasaga vidonge vya deksa, steroidi ya kumeza, vilevile ambavyo wasichana wa mjini hununua kichinichini ili wanenepe, akavichanganya na majani yaliyokaushwa. Ndiyo maana kifua kiliachia. Ndiyo maana mashavu yalijaa. Na mtu akimezeshwa dawa hiyo kila siku kwa muda mrefu, zile tezi mbili ndogo juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe huona hazina kazi, zikalala. Dawa kama hiyo huwa inapunguzwa polepole mpaka tezi ziamke. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila kitu, na presha inaanguka, na mtu anakufa. Teodora hakuuawa na unga. Aliuawa na kuuacha, na aliuacha kwa sababu aliambiwa auache, na aliyemwambia alikuwa amekaa hapo kwenye kiti cha maabara na koti jeupe.

Hakupata hata nafasi ya kulia. Wazo jingine lilimjia likamwinua: mashavu ya Queen.

Alimweleza Dokta Zahabia yote, kwa haraka, maneno yakigongana. Dokta hakusema tena habari za hesabu. Alivaa miwani, akatoa funguo za gari lake mkobani akampa. "Nenda," alisema.

Alimkuta Queen kwenye kochi, mikono ya baridi, hawezi kukaa. Alimbeba mpaka garini, akampigia simu baba yake. Muganyizi alifika hospitali akiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni, na daktari wa zamu aliwasikiliza wote wawili huku akimpima mtoto. Sukari ilikuwa chini, presha chini. Daktari alikuwa kijana, na aliwaambia wazi kwamba kama mtoto alikuwa akipewa steroidi zikakatwa, atamdunga sindano sasa hivi na mtoto atasimama; lakini kama hakupewa, basi ni ugonjwa mwingine, na yeye atakuwa anakimbiza kivuli huku mtoto anazidi kuzama.

"Nani alikuwa anamlea?" aliuliza.

Muganyizi alitoa simu, akatafuta namba, kisha akamkabidhi Kokulinda. Hata pale alishindwa kusema na mama mkwe wake, kwa desturi na kwa yale aliyomtumia msibani.

Ma Bernadetta alipokea. Kokulinda alimwamkia, akamwambia Queen anaumwa, akamuuliza kama alikuwa anampa ule unga.

"Sijampa kitu."

"Ma, ni muhimu sana."

"Niliapa mbele ya jeneza la mwanangu. Sijampa mtoto kitu. Mwambie huyo anayekutuma kwamba sijampa kitu."

Ungefanya nini wewe? Mwanamke amechomwa mara moja, na sasa anaulizwa kama anataka kuchomwa tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa nao mara mbili, wa binti aliyezikwa na wa mjukuu aliyenyang'anywa. Kokulinda aliona kwamba kumwambia asiogope hakutasaidia. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa, na Muganyizi alikuwa amesimama hapohapo, anasikia kila neno.

"Ma, unga wako haukumuua Teodora," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia auache. Aliumwaga mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na dawa ya hospitali, na dawa hiyo haikatwi ghafla, na mimi sikuuliza. Nilimkatisha, akafa. Na pale msibani nikamwambia Muganyizi kwamba ni unga. Sasa Queen ana hali ileile. Kama ulimpa, tunaweza kumtibu. Nakuomba uniambie."

Kwenye simu, kwa mbali, jogoo aliwika huko Muleba, na mtu akapita akisalimia.

"Kijiko kidogo," Ma Bernadetta akasema. "Kwenye uji. Tangu mwaka jana, kifua kilipoanza kulia."

Daktari alikuwa ameshageuka kuandaa sindano. Muganyizi alimtazama Kokulinda kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi, kisha akazunguka kitanda akaenda kusimama upande wa pili, karibu na kichwa cha mtoto. Jioni Queen alifumbua macho akaomba ndizi mbivu, na baba yake akatoka kwenda kuitafuta, akilia barabarani mbele ya watu.

Ma Bernadetta alifika na meli ya Bukoba. Queen alikuwa ameshaanza kukaa, na amepangiwa vidonge vitakavyopunguzwa kidogokidogo mpaka mwili wake ujitegemee. Muganyizi alipomwona mama mkwe wake mlangoni mwa wodi aliinamisha kichwa, akavua viatu, akampisha njia; ndiyo namna aliyoweza kumwomba radhi. Kokulinda alipiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, Ma."

Mama aliweka mfuko wake chini kwanza. "Marahaba," alisema mwishowe.

Baadaye walikaa wawili kwenye benchi la nje. Kokulinda alieleza tena, taratibu, habari za vidonge vilivyosagwa, habari za tezi, na jinsi kipimo kilivyoonyesha. Alikuwa amejiandaa kwa laana, na angeipokea, pengine aliitaka. Ma Bernadetta alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Alinipigia," alisema. "Akaniambia, mama, mwili hauna nguvu, nitumie kopo jingine. Na mimi nilikuwa na hasira. Alikuwa amenieleza kwamba ameumwaga chooni, unga niliouhangaikia pesa yake kwa jembe. Nikamwambia aende akaombe kwa huyo aliyemkataza."

Kokulinda hakuweza kumtazama.

"Sikujua kama ni wewe," Ma Bernadetta akaendelea. "Hakunitajia jina. Alikuja?"

Kokulinda alitaka kusema hapana. Hapana ingewapumzisha wote wawili. Lakini Teodora alikuja. Jioni moja katika siku zake za mwisho alipita kwenye upenyo wa michongoma, akakaa jikoni kwa Kokulinda kwenye ndoo iliyofunikwa, akamsikiliza mwenzake akikatakata mchicha na kusimulia habari za kazini, jinsi mashine ilivyo ya ajabu, jinsi vimiminika vilivyochelewa. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Mara mbili alifungua kinywa. Kokulinda alikuwa na mengi ya kusema jioni ile.

"Alikuja," alisema.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu, Ma. Aliomba maji ya kunywa."

Ma Bernadetta alivuta khanga akajifunika uso. Kokulinda naye akalia, kwa sauti, bila aibu ya wauguzi waliokuwa wakipita. Ndani ya wodi Queen alimwita bibi yake, akanyamaza, akamwita tena, na hakuna kati yao aliyeweza kuinuka.